Mfasiri wa Landhi na Maiti Aliyetaka Pete Yake

Alikuwa na sauti mbili. Ya nyumbani ilikuwa ndogo, sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Ya Jumamosi ilipita katika bomba la bati alilolikunja mwenyewe kutoka debe la mafuta ya taa, na ilipotoka upande wa pili ilikuwa sauti ya mtu mnene mwenye ng'ombe wengi. Wageni walioisikia ile ya pili kwanza, kisha wakaonyeshwa mwenyewe, mtu mfupi ndani ya koti la jeshi lililomfika magotini, walidhani wanataniwa.

Sisi watu wa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli zilizopangwa kama mabehewa, tulimwita Mfasiri. Jina alikuwa nalo, limeandikwa kwenye kipande chake cha utambulisho, lakini sikuwahi kusikia mtu akilitumia. Mke wake alimwita "wewe". Siku za kazi alibadilisha njia za treni pale yadi, yaani alivuta kile chuma kinacholifanya gari la Kisumu lisijikute Eldoret. Jumamosi alasiri alisimama kando ya kitambaa cheupe katika ukumbi wetu na kutuambia kwa Kiswahili Wazungu wa kwenye sinema wanasema nini.

Naandika habari zake kwa sababu likizo ya Aprili niliagizwa kuyaandika maneno yake, na kwa maandishi yangu ingeamuliwa kama ataendelea kusimama pale au atanyang'anywa nafasi. Mimi niliagizwa hayo, mimi ambaye nikitumwa sabuni naweza kurudi bila sabuni kwa sababu duka lilikuwa na watu.

Sinema yetu ilianza saa tisa mchana, kwa sababu ya kafyu, amri ya kutotoka nje usiku. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, ukumbi ukawa na giza na joto la zizi. Wanawake kushoto, wanaume kulia, watoto sakafuni, na nyuma kabisa kijana wa mashine, ambaye kwa hiyo aliitwa Mashine. Mfasiri hakukaa. Alisema kukaa ni kwa abiria. Hata kanisani alisimama nyuma karibu na mlango, na mahubiri yakizidi tulimsikia akibadilisha mguu.

Kabla ya picha aliuliza, "Watu wa nyuma, mnanisikia?"

"Hapana!" wakajibu watu wa nyuma.

"Basi mmejuaje nimeuliza?"

Ukumbi ulicheka. Ulicheka Jumamosi iliyofuata pia, na ile nyingine, na mimi mwenyewe nimecheka sasa hivi nikiandika, ingawa ni mzaha ambao hata mbuzi wa Mama Nafula, anayeuza uji pale getini, anaujua.

Kutafsiri kwake kulikuwa na utaratibu wake. Mzungu akisema dakika nzima, Mfasiri alisema, "Amesema mengi. Maana yake ni hapana." Mzungu akisema neno moja tu, Mfasiri aliweza kuendelea mpaka picha nyingine tatu zipite. Nilipokuwa mdogo niliamini kila kitu. Nilidhani Kiingereza ni lugha ya namna hiyo, inayojaa na kupungua kama ziwa letu. Nilipoingia Fomu ya Pili masikio yangu yalianza kufunguka, na siku moja, katikati ya picha ya mapenzi, nilimsikia mama mmoja wa Kizungu akisema kwamba hataondoka katika nyumba ile mpaka afe. Mfasiri akainua bomba. "Anasema chai imepoa."

Nilikaa na jambo hilo siku nne. Mwishowe nilimkuta peke yake kwenye bomba la maji, nikajikaza, nikamwambia nikitazama ndoo yangu.

"Mzee, yule mama hakusema chai imepoa."

"Ewe Skuli." Ndivyo alivyoniita, ndivyo landhi nzima ilivyoniita. "Wewe umesikia alichosema. Mimi nimeona alichofanya. Kile kikombe aliletewa mwanzo wa picha. Alikigusa?"

Nilifikiri. "Hapana."

"Basi chai imepoa," akasema, akaondoka na ndoo yake, na mimi nikabaki nikijaribu kutafuta mahali alipokosea.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba nje ya ukumbi alikuwa mtu asiyeweza kusema uongo hata wa adabu. Jirani yetu alipojifungua, wanawake wote walimwambia mtoto amependeza. Mfasiri aliinamia blanketi, akatazama kwa muda mrefu, akasema, "Bado. Lakini atapendeza." Mama wa mtoto hakuzungumza naye mpaka Krismasi. Mara nyingine msimamizi wa yadi alimwuliza mbele ya watu kama amelala kazini. Alijibu, "Ndiyo, bwana, kidogo, kuanzia saa nane," na akakatwa mshahara wa siku. Halafu Jumamosi mtu huyo huyo alisimama na kuuambia ukumbi mzima kwamba mfalme wa nchi fulani amekasirika kwa sababu kofia yake inambana.

Aliogopa bata mzinga. Mkuu wa stesheni alifuga watatu, na Mfasiri, ambaye aliwahi kuvuka misitu ya Bama, huko Asia, wakati wa vita, alizunguka karakana nzima ili asipite mbele yao. "Ndege gani ananitazama kama karani wa mshahara," alisema.

Picha ya vita tuliletewa mara nyingi mpaka tukawajua askari kwa sura. Ilikuwa ya vita vya Bama, ya kweli, si ya waigizaji, na Mzungu asiyeonekana alizungumza juu yake kwa pua, haraka haraka, akitaja mito na maili na ushujaa. Mfasiri alikuwa amefika huko mwenyewe, katika kikosi cha kubeba machela, lakini kwenye bomba hakulitaja hilo hata siku moja. Alichotaja ni miguu.

"Mtazameni wa tatu kutoka kushoto. Zile buti si zake. Kesho ana malengelenge."

Mzungu alisema jeshi linasonga mbele. Mfasiri alisema, "Wanatembea. Bado wanatembea. Hakuna aliyewaambia ni mbali namna gani." Bomu lilipolipuka na watoto wakashangilia, aliwaacha wamalize, kisha akasema, "Hapo mwenye kamera amelala chini. Ndiyo sababu picha imepinda."

Baadaye, mablanketi yakiwa yameshushwa na wanaume wamesimama nje wakipepesa macho kwa lile vumbi jeupe la magadi linalopeperuka kutoka ziwani, walimwuliza picha ile ni ya kweli au vipi.

"Ni nzuri," alisema kwa sauti yake ndogo. "Lakini hakuna mtu anayengoja. Vita ni kungoja. Hao wote wana haraka kama watu wa harusi. Na mvua wameiacha wapi? Lakini ni nzuri. Ule mto wameuvuka kwa dakika moja. Sisi ulituchukua siku tatu. Ningependa kuuvuka hivyo."

Picha ya kutisha ilikuwa ya zamani, ya kabla mimi sijazaliwa, imejaa mikwaruzo kama inanyesha hata ndani ya nyumba. Tajiri mmoja mzee wa huko Ulaya amekufa, akazikwa chini ya nyumba yake ya mawe. Mpwa wake anamvua pete kidoleni. Basi kila saa ya ukutani ikigonga, kifuniko cha jeneza kinasogea, mzee anatoka, anapanda ngazi polepole akiwa amenyoosha mkono. Nadhani walioitengeneza walitaka tumwogope. Landhi ilimwogopa kwa muda wa robo saa. Baada ya hapo ilihamia upande wake.

"Mpe pete yake aende!" alipiga kelele Mama Nafula.

"Mama Nafula anasema umpe pete," Mfasiri alimwambia yule mpwa kupitia bomba.

"Na huyo msichana anapanda juu na mshumaa kufanya nini? Hana mama?"

"Anasema amesahau kitu."

"Asahau kabisa!"

Mtu mmoja upande wa wanaume alitaka kujua kwa nini hawamwiti mchungaji. Mwingine akasema kosa ni la waliomzika ndani ya nyumba. "Hilo ndilo kosa," Mfasiri alikubali, bila hata kugeuka kutazama kitambaa. "Ukimzika mtu chini ya meza ya chakula, atakuja kula."

Siku hiyo Baba, ambaye kazi yake ni moto wa injini na haogopi mengi, alisema hadharani kwamba afadhali aone picha ya vita mara kumi kuliko ile ya maiti. Adui wa vitani unamwona akija, alisema, ana bunduki, ana kofia, unamjua.

"Hapana," Mfasiri akasema. "Ya maiti ndiyo ya kupumzika. Kwenye hii, maiti anatembea mwenyewe. Kule tulikuwa tunawabeba."

Wanaume walicheka, kisha kicheko kikakatika kabla ya wakati wake, na mtu akaomba tumbaku.

Shida ilianzia kwenye picha ya mbu. Ilikuwa picha fupi ya afya, ya kufundisha watu wafunike maji. Mfasiri aliitafsiri vizuri kabisa, nilikuwepo, na mwisho akaongeza kwa heshima kwamba tenki la bwana afya mwenyewe, kule Milimani wanakokaa Wazungu, halina kifuniko, kwa sababu yeye alipeleka mzigo huko na kuliona. Ukumbi ulifurahi sana. Jumatatu habari zilikuwa zimepanda Milimani, na Jumatano zilikuwa zimeshuka tena zikiwa barua.

Barua ile ilimfikia karani wa ukumbi. Huyu alikuwa mgeni, alikuja mwezi wa tatu, mtu safi mwenye kalamu tatu mfukoni na sauti ya kanisani. Simlaumu. Alikuja nyumbani kwetu jioni amevaa koti, akamsalimu Mama kwa mikono miwili, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mama, nimekuja kumwomba binti yenu."

Mama aliweka mwiko chini. "Huyu bado anasoma."

"Kuandika tu, Mama! Kuandika!" Masikio ya karani yaligeuka rangi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na nilitamani pazia linimeze. Alichotaka ni hiki: Jumamosi nikae mbele na daftari, ukurasa niugawe kwa mstari, kushoto niandike picha inasema nini, kulia niandike Mfasiri amesema nini. Kama pande mbili zinalingana, yeye mwenyewe angemjibu bwana wa Milimani. Kama hazilingani, kulikuwa na kijana wa Elburgon, mwana wa fundi wa kiwanda cha mbao, mwenye cheti, aliyekuwa tayari kuanza.

"Kwa nini mimi?" niliuliza. Mama anasema nilinong'ona.

"Kwa sababu wanasema husemi uongo na husemi kitu kingine chochote," karani akajibu.

Jumamosi hiyo zililetwa picha zote mbili, ya vita na ya maiti. Nilikaa benchi la kwanza. Mfasiri aliniona na daftari, akadhani nafanya kazi ya likizo. "Skuli, andika," aliniambia, "usije ukafeli kwa ajili yetu." Nikaandika. Kushoto niliandika: askari wetu wanakaribia mto wakiwa na moyo mkuu. Kulia: huyu anayekohoa mwambieni asikohoe hapo. Mkono wangu ulianza kutoka jasho. Pande mbili hazikulingana hata kwa bahati mbaya.

Kisha Mashine akakosea.

Mikebe ya filamu yote inafanana, na siku hiyo ilikuwa minne. Mkanda wa kwanza wa vita uliishia pale ambapo askari wanabeba machela kupanda mlima, na mtu aliyelala juu yake amefunikwa uso. Mashine akabadilisha katika giza, mashine ikaanza kulia tena, na kwenye kitambaa ikatokea saa ya ukutani, na ngazi, na jeneza ambalo kifuniko chake kinasogea.

Alikuwa ameweka mkanda wa pili wa maiti. Mimi nilijua, kwa sababu nilikuwa nimeshaiona. Wengine pia walikuwa wameiona, lakini mtu aliyekaa gizani anakwenda na picha inakokwenda, na nilihisi ukumbi mzima ukivuta pumzi kuuliza. Nikamtazama Mfasiri. Kwa mara ya kwanza alikuwa amekigeukia kile kitambaa, anatazama. Halafu akaliinua bomba.

"Mnamkumbuka yule wa machela?" akasema. "Ndiye huyu. Amerudi nyumbani."

Watoto sakafuni walisogea mbele.

"Anapanda ngazi polepole kwa sababu ya miguu. Ametoka mbali. Anagonga, hawamfungulii. Yule kijana ni ndugu yake. Ameshachukua shamba, ameshachukua koti, amechukua hata kitanda. Anamwona, anasema hamjui. Huyu naye hataki ugomvi. Anataka tu kuwaambia ilikuwaje. Mkono ameunyoosha hivyo kuwasalimu. Nao wanakimbia. Kila mtu anakimbia, mtazameni yule msichana."

Upande wa wanawake mtu alisema polepole, "Maskini."

"Alikuwa mtu wa kuimba," Mfasiri aliendelea. "Aliimba vibaya, mpaka wakamwomba aache. Walimbeba kutwa nzima. Nilimbeba upande wa miguu. Upande wa miguu huoni uso. Unaona kisigino na unaona mgongo wa yule wa mbele. Nilimwambia imba basi, leo nimekuruhusu. Nikafikiri amenuna."

Hapo Mama Nafula alisema "Wewe!" kwa sauti ya kumwambia mtu asimame, na hapo hapo taa ikawaka. Mashine alikuwa amegundua. Alisimama juu ya kiti chake na mkebe mkononi akiapa kwamba mikebe haina alama, si kosa lake. Mtoto mmoja sakafuni akauliza, "Kwa hivyo alikuwa mzimu au askari?" na ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Watu walicheka mpaka wakashikana. Mfasiri alicheka pia. Akajifuta uso kwa mkono wa koti lake na kusema kwenye bomba, "Mashine, weka ule mwingine. Huu umekatika mahali pazuri."

Mimi nilikuwa nimeandika yote. Upande wa kushoto wa ukurasa huo nilikuwa nimeandika maneno mawili matatu tu, juu ya pete. Upande wa kulia ulijaa mpaka nikageuza.

Sikulala vizuri. Ningeweza kuandika upya upande wa kulia ulingane na wa kushoto. Kiingereza nilikijua, Kiswahili nilikijua, na hakuna aliyenitazama. Lakini nilikuwa nimeaminiwa kwa jambo moja tu maishani mwangu na lilikuwa hili. Jumapili baada ya kanisa nilikwenda mlangoni kwake. Alikuwa anapiga buti rangi. Mke wake alikuwa ndani, nilimsikia akipanga sufuria. Nilisema kila kitu kwa pumzi moja: karani, Milimani, kijana wa Elburgon, mstari katikati ya ukurasa.

Aliendelea kupiga rangi. "Na zimelingana?"

"Hapana, Mzee."

"Hata mahali pamoja?"

Nilitafuta. "Pale waliposema moto."

"Moto nilisema moto?"

"Ulisema moto."

"Vizuri." Akatema mate kwenye brashi. Nikamwambia ninaweza kurekebisha kidogo, si uongo, ni kunyoosha tu, ili yasionekane mbali sana. Hapo aliacha kazi na kunitazama, na nikaona amekasirika, kitu ambacho sikuwa nimewahi kuona.

"Usinibadilishie maneno," alisema. "Kazi ya kubadilisha maneno ni yangu. Wewe kazi yako ni kuandika. Peleka kama yalivyo."

"Watakuondoa."

"Watu watakuja Jumamosi kunisikia mimi au kusikia barua? Peleka."

Kutoka ndani mke wake akasema, "Wewe! Mwambie mtoto aingie anywe chai, usimfokee hapo nje."

Nilinywa chai. Jumatatu nilipeleka. Karani alisoma akiwa amesimama, na alipofika pale kwenye machela alikaa chini. Alisoma mara mbili. Alivua miwani. "Haya ni maneno mazuri," aliniambia, "lakini si tafsiri." Nadhani ilimwuma. Lakini barua ya Milimani ilikuwa mezani, na pande mbili hazikulingana, na karani ni mtu ambaye kitu kisipolingana hawezi kusema kimelingana. Katika hilo tunafanana, naye aliniambia hivyo, na sikufurahi.

Nilirudi shuleni kabla ya kijana wa Elburgon kuanza, kwa hiyo habari zake nilizipata kwa barua za Mama, ambazo humwandikisha Baba. Kijana ana tai. Kijana anatafsiri kila neno, hata likikoholewa. Mama Nafula anasema anatafsiri kama mtu anayesomewa barua ya kufukuzwa kazi. Watu wa nyuma wakimwambia hawasikii, anaamini, anarudia. Walimwuliza yule wa tatu kutoka kushoto miguu yake imekuwaje, naye akajibu kwa adabu kwamba picha haijasema. Hata hivyo watu wanakwenda, kwa sababu Jumamosi ni Jumamosi, na wengine wanasema sasa wanaelewa hadithi. Basi hesabu ya Mfasiri, kwamba watu wasingekuja kusikiliza barua, haikuwa sawasawa.

Shuleni nililia mara mbili juu ya jambo hili, na mara ya pili nilikasirika, kwa sababu sikuweza kupata mahali nilipofanya vibaya.

Likizo ya Agosti nilikaa ndani siku tatu nikimkwepa. Siku ya nne alinikuta uani nikianika nguo, mikono imejaa, nisiweze kukimbia. Na jambo la kwanza nililoona ni kwamba amekaa. Alikuwa amejiletea kigoda na kukitua karibu na kamba yetu ya nguo, akakaa kama mtu yeyote.

"Skuli, umekonda. Huko hawapiki?"

"Wanapika, Mzee."

"Nimekwenda sinema," akasema. "Nimenunua nafasi, nimekaa benchi. Unajua ile picha ya vita nilikuwa sijaiona?"

Nikasema haiwezekani, ameifasiri mara nyingi kuliko Mashine alivyoionyesha.

"Nilikuwa nawaangalia ninyi. Ukisimama kule mbele huangalii kitambaa, unaangalia watu. Ukiona watu wamechoka, unaweka buti. Ukiona wamelala, unaweka malengelenge. Sasa nimeiona yenyewe." Alifikiri. "Ni fupi."

"Na ya maiti?"

Alitazama huku na huko kuona kama mke wake yupo. "Nilitoka nje."

"Mzee!"

"Yule kijana anaifasiri vibaya! Anasema kila kitu! Anasema, sasa nitakuja kuchukua kilicho changu, hivi, kwa sauti ya kawaida, kama anauliza saa. Mimi sikujua ndivyo anavyosema huyo mzee. Miaka yote! Nilikwenda nikasimama na wale bata mzinga."

Nilicheka mpaka shuka likaanguka. Nilipoliokota na kulikung'uta vumbi alikuwa anatazama mikono yake.

"Yale uliyompa karani. Upande wangu unao?"

Karani nilimpa nakala safi. Ile ya kwanza, yenye jasho, ilikuwa ndani ya daftari hili hili. Niliileta. Aliishika, akaitazama juu na chini, akanirudishia. Kiswahili anasoma pole pole na mwandiko wangu wa gizani haukuwa wa kusomeka.

"Nisomee upande wa kulia. Wa kushoto uache, nimeshausikia kwa yule kijana."

Nikasoma kwa sauti ambayo ni kamba ya nguo tu iliyoisikia. Mama Nafula alipita na sufuria yake, akasimama. "Mnasoma nini?"

"Maneno yangu," akasema Mfasiri.

"Basi asome! Hiyo ni kusoma ama ni kupumua?"

Nikapandisha sauti. Jirani mwenye yule mtoto akatoka mlangoni na mtoto mgongoni. Watu walicheka pale kwenye kikohozi, wakacheka pale kwenye buti, na Mfasiri alicheka kuliko wote, amefumba macho, kana kwamba ni mtu mwingine anayechekesha. Aliponisahihisha, "Hapo sikusema hivyo," nilimwambia ulisema, Mzee, na Mama Nafula akanitetea kwamba alisema, naye alikuwepo. Sikumbuki lini nilizungumza mbele ya watu wengi kiasi hicho. Sikufikiria hilo mpaka baadaye.

Nilipofika penye jeneza nilisita, nikataka kuruka ukurasa.

"Mbona umenyamaza?"

"Nimefika pale, Mzee."

"Soma pale."

Nikasoma pale. Nikasoma kuimba, na kutwa nzima, na upande wa miguu, na kisigino, na leo nimekuruhusu. Mama Nafula aliitua sufuria chini. Mfasiri alisikiliza ameinamisha kichwa, kama mtu aliyepewa habari za kwao na msafiri, akitikisa kichwa kukubali kwamba ndiyo, ndivyo, aliyeleta habari hizi alikuwepo. Nilipomaliza nilisubiri aseme umekatika mahali pazuri.

"Jina lake hujaandika," alisema.

"Hukulitaja."

"Kweli. Sikulitaja." "Una kalamu?"

Mtoto mmoja aliyekuwa akisikiliza alitumwa mbio akaleta penseli ya Baba. Mfasiri akalitaja jina la yule wa machela, lake mwenyewe, la baba yake na la kijiji chao, kwa ile sauti ndogo. Nililiandika pembeni ya ukurasa nikilizungusha kupanda juu, kwa sababu mistari ilikuwa imejaa. Akaniambia nilisome. Nikalisoma. Akaniambia nilisome tena, kwa nguvu, watu wa kule mwisho wa landhi wasikie.